Boga la Uzi

Boga la uzi halianzi likiwa na umbo la boga. Linaanza kama kipande cha mstatili, rangi ya machungwa, kisicho na dalili yoyote ya kumtisha mtu. Fundi ana sindano ya kroshia ya milimita 5, yenye ncha ya ndoano. Anakwenda mstari mmoja, anageuza, anarudi. Siri ya kazi iko katika jambo dogo. Kila kitanzi cha mstari uliotangulia kina nyuzi mbili juu yake, ya mbele na ya nyuma, naye anachoma ile ya nyuma tu. Ya mbele inabaki imelala nje, na mistari ikishafuatana, nyuzi hizo zilizoachwa zinafanya matuta. Matuta hayo ndiyo yatakuwa mbavu za boga.

Mstatili ukishafika urefu wa karibu mara mbili ya upana wake, pande mbili zinashonwa pamoja na linapatikana bomba. Sindano nene inapitisha uzi kwenye ukingo wa chini, uzi unavutwa, tundu linafumba. Pamba ya kujazia mito inaingia, nyingi kuliko mgeni wa kazi hii angedhani, kisha ukingo wa juu nao unafumbwa. Sasa mkononi pana mpira wa rangi ya machungwa, na wapo wengi wanaoishia hapo.

Kinachofuata ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Sindano ndefu inachomwa juu katikati, inatokea chini. Uzi unapandishwa kwa nje ukifuata bonde lililo kati ya matuta, unachomwa tena palepale juu, unavutwa. Boga linabonyea upande huo. Halafu bonde jingine, na jingine, mara sita hadi nane kwa mzunguko. Ukiulegeza uzi, unabaki na mpira wako. Ukiukaza mno, umetengeneza kitunguu saumu. Na fundi hodari havuti kwa nguvu moja pote, kwa sababu boga la shambani halina pingili zinazolingana. Moja ataiacha inenepe, ya jirani ataiminya, na ule upande ambao ungelalia udongo ataubonyeza uwe bapa. Kikonyo anakishona kikiwa kimeinama kidogo. Uhai wote wa boga umo katika nguvu ya kidole kinachovuta uzi, na hiyo haiandikiki katika maelekezo ya karatasi.

Boga hili la uzi ni pambo la Halloween, usiku wa 31 Oktoba, ambapo Wamarekani huweka maboga yaliyochongwa sura mbele ya nyumba na watoto hupita mlango kwa mlango wakiomba pipi. Boga lenyewe ni zao la bara la Amerika. Huko Ireland, desturi hiyo ilikotoka, watu walichonga tanipu, mzizi mnene wa jamii ya kabichi, wakatia mwanga ndani. Makumbusho ya Taifa ya Ireland yana mfano wa plasta wa taa ya namna hiyo, na uso wake umekunjamana vibaya kiasi kwamba boga la Marekani ukiliweka kando yake litaonekana linacheka.

Ireland inaingia katika habari hii kwa mlango mwingine pia. Wakati wa njaa kuu ya viazi, kati ya 1845 na 1852, kroshia ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyozipa familia maskini senti za chakula. Katika mji wa Clones, Cassandra Hand, mke wa kasisi, alianzisha mafunzo ya lesi ya kroshia mwaka 1847, na wanawake wa huko wakawa mahodari wa vifundo vidogo ambavyo hadi leo vinaitwa kwa jina la mji huo. Waairishi waliokimbilia Marekani katika miaka hiyo walitoka katika nchi iliyokuwa na mambo haya mawili kwa pamoja, usiku wa kutishana na sindano yenye ncha ya ndoano. Nadhani hawakuwahi kufikiria kuyaunganisha. Lesi ilikuwa ya kuuza kwa matajiri, na tanipu ilikuwa ya mchezo.

Walioyafanya yakutane kwa urahisi ni Wajapani, kwa ile midoli midogo ya kufuma na kujaza pamba inayoitwa amigurumi. Hapa msomaji aliyekulia katika sebule yenye vitambaa vya kufuma juu ya kochi na televisheni tayari anajua nusu ya kazi. Kitambaa cha duara na kichwa cha mzuka vinaanzia mahali pamoja: kitanzi cha katikati kinachokazwa, kisha vitanzi vinaongezwa kila mzunguko. Kwa mshono mfupi unaotumika kwenye midoli, ni 6, halafu 12, 18, 24, 30. Ukiongeza sita kila mara, duara linalala bapa mezani. Ukizidisha, kingo zinafanya mawimbi. Ukiacha kuongeza, kingo zinaanza kusimama na bapa linageuka bakuli. Mama wa vitambaa hupambana maisha yake yote ili kazi isiinuke. Mfuma midoli anaungojea mzunguko huohuo wa kuinuka, kisha anapunguza vitanzi kwa hesabu ileile aliyoongezea mpaka bakuli linafumba na kuwa tufe. Uzi wenyewe anaufuma kwa sindano ya kroshia ndogo kuliko iliyoandikwa kwenye lebo, ili vitanzi vibanane na pamba nyeupe isichungulie.

Na kazi hii bado ni ya mkono. Masweta yanatoka viwandani kwa mashine, lakini mdoli wa kroshia anayeuzwa kwa bei ya kutupa kuna mtu aliyemfuma, kitanzi kwa kitanzi, akalipwa kutoka katika bei hiyo. Nilipolitambua hilo, hamu ya kuomba punguzo iliniisha.

Macho ya mizuka na popo mara nyingi ni ya plastiki, yanayofungwa kwa ndani na kishikizo kisichorudi nyuma. Kwa mtoto mdogo, hata hayo usiyaamini. Tarizi macho kwa uzi mweusi. Anachoweza kung'oa atakitia mdomoni.

Watoto wakubwa kidogo wana kazi zao, na si za kudharauliwa. Utando wa buibui unahitaji vijiti vitatu vya aiskrimu vilivyofungwa katikati, mikono sita ikatokeza. Uzi unazungushwa kijiti mara moja, unaruka kwenda kinachofuata, unazungushwa tena, hivyo hivyo kuelekea nje. Wawixárika wa magharibi mwa Mexico wana kazi ya uzi na vijiti vilivyokingamana iliyo karibu na hii, ila kwao ni sala, si pambo. Buibui wa utando huo ni kishungi: uzi mweusi unaviringwa kwenye kadibodi mpaka unene, unafungwa katikati, vitanzi vinakatwa, mkasi unasawazisha. Fundo la katikati lifungwe kwa uzi wa pamba ulio imara. Uzi wa akriliki huvutika, na buibui aliyefungwa kwa akriliki huacha nywele zake sakafuni nyumba nzima.

Mzuka wa puto ndio unaowapa watoto furaha kubwa zaidi, na watu wazima kufagia kwingi zaidi. Puto linapulizwa, uzi mweupe unachovywa katika gundi nyeupe iliyozimuliwa kidogo kwa maji, unazungushwa ovyo pande zote, kisha unaachwa ukauke siku nzima. Uzi wa pamba unainywa gundi vizuri. Akriliki inaivaa tu kwa juu. Puto likipasuliwa, linabaki tufe tupu la nyuzi ngumu linalosimama lenyewe. Shida ni ile siku nzima. Hakuna mtoto wa miaka sita anayeweza kupita karibu na puto mara ishirini bila kulichoma, kwa hiyo mizuka mingi hupasuliwa ingali mbichi, ikabonyea usoni na kutundikwa barazani hivyohivyo. Mimi hiyo iliyobonyea naiona inatisha zaidi.