Kuhesabiwa Haki kwa Filamu? Uhakiki wa Waraka wa Kumtetea Roman Polanski

Tarehe 26 Septemba 2009 polisi wa Uswisi walimkamata mwongozaji wa filamu Roman Polanski alipowasili Zürich kupokea tuzo katika tamasha la filamu. Hati ya kumkamata ilikuwa ya Marekani, ya mwaka 1978. Siku chache baadaye wasanii zaidi ya mia moja, wakiwemo Martin Scorsese, Woody Allen, Pedro Almodóvar na Wim Wenders, walitia sahihi waraka wa kudai aachiliwe. Katika makala hii twakusudia kuuchunguza waraka huo kwa mizani ya theolojia. Hatufanyi hivyo kwa kuwa tu wajuzi wa filamu, bali kwa kuwa ndani yake limo fundisho ambalo kila Mlutheri angepaswa kulitambua mara moja.

Kwanza yafaa kukumbuka mambo yalivyokuwa. Mwaka 1977, huko Los Angeles, Polanski, aliyekuwa na umri wa miaka 43, alishtakiwa kwa makosa sita, yakiwemo kumpa binti wa miaka 13 dawa ya kulevya na kumbaka. Kwa mapatano ya mawakili alikiri kosa moja, la kujamiiana na mtoto kinyume cha sheria, na mashtaka mengine yakaachwa. Alikaa gerezani siku 42 akichunguzwa hali yake ya akili. Alipopata habari kwamba jaji alikusudia kumrudisha gerezani, alitoroka Marekani mwezi Februari 1978, kabla adhabu haijatamkwa. Mwezi Julai 2010 Uswisi ilikataa kumkabidhi kwa Marekani, naye akaachiliwa.

Waraka wasemaje? Unasema kwamba mtu huyu ni raia wa Ufaransa na msanii mashuhuri duniani. Kwamba matamasha ya filamu ni mahali ambapo wasanii wamezoea kufika kwa usalama. Na kwamba kumkamata hapo kwafungua njia ya hatari. Kosa lenyewe lapewa maneno machache, kama jambo la maadili tu. Binti hatajwi kabisa, wala umri wake.

Hapo ndipo uhakiki wetu unapoanzia. Nabii Natani alipotumwa kwa Daudi (2 Sam. 12), alikuwa anakwenda kwa mtu mashuhuri kuliko wote katika Israeli, mfalme na mtunga zaburi. Natani hakuanza kwa kuzihesabu zaburi. Alianza na maskini mmoja na mwana-kondoo wake, yaani alimweka mbele yule aliyedhulumiwa, ili mfalme alazimike kumtazama. Waraka wa mwaka 2009 ulifanya kinyume chake. Ulimweka mfalme mbele, na maskini akaondolewa katika hadithi.

Pili, waraka huu wafundisha kuhesabiwa haki kwa matendo. Kifungu cha nne cha Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 chakana kwamba mwanadamu aweza kusimama mwenye haki mbele za Mungu kwa stahili au kazi zake. Sisi tumezoea kulitumia fundisho hili dhidi ya mtu anayejivunia sadaka na mifungo. Lakini je, aliyeongoza The Pianist, filamu iliyompa tuzo ya Oscar mwaka 2003, anapotetewa kwa ukuu wa kazi zake, tofauti iko wapi? Filamu imewekwa mahali pa sadaka. Kipaji ni karama, nacho mtu amekipokea bila kukistahili. Hawezi kukitumia kulipia deni alilo nalo kwa mtoto wa mwenzake.

Wengine walitaja mateso yake. Ni kweli kwamba mama yake aliuawa Auschwitz, na kwamba mkewe, akiwa mjamzito, aliuawa kikatili mwaka 1969. Mchungaji asiyeguswa na habari hizo hafai kuitwa mchungaji. Hata hivyo, mateso yatudai huruma. Hayampi mtu kibali cha kumtesa mwingine.

Hoja nzito kuliko zote haimo katika waraka. Binti yule, alipokuwa mtu mzima, alisema hadharani kwamba amesamehe, akaomba kesi ifungwe. Tena mwenendo wa yule jaji ulizua mashaka ya haki kisheria. Hatuna budi kuyaheshimu mambo haya yote mawili. Kila mshtakiwa astahili wakili, na wakili anayepinga hila za jaji aitetea sheria yenyewe. Lakini msamaha wa aliyekosewa ni mali yake. Wasiokosewa hawana ruhusa ya kuukopa na kuugawa. Wala msamaha huo hauondoi wajibu wa serikali, ambayo Mungu ameiweka kuwalinda watoto wengine ambao hawajadhurika. Luther alitofautisha tawala mbili za Mungu ili Injili isigeuzwe kuwa kichaka cha wenye nguvu. Naye Zakayo, wokovu ulipoingia nyumbani mwake, hakutoroka mji, alisimama akaahidi kurudisha mara nne (Lk. 19).

Wasomaji wetu wasidhani kwamba haya ni ya wasanii tu. John Howard Yoder, Mmenoni aliyeandika The Politics of Jesus mwaka 1972, alisomwa na bado anasomwa katika vyuo vingi vya theolojia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba aliwadhulumu kingono wanawake zaidi ya mia moja, na kwamba viongozi waliojua walichukua miaka mingi kuchukua hatua za wazi. Hapakuhitajika waraka wala sahihi. Sifa za mwalimu zilitosha, na ukimya ukafanya kazi ya utetezi.

Basi, mwanafunzi wa theolojia atakayekabidhiwa usharika ajiandae. Siku moja atakayeshtakiwa atakuwa mwalimu wa kwaya apendwaye, au mfadhili aliyeezeka kanisa, na wazee watamletea mchungaji karatasi ya kutia sahihi. Wapo waliotia sahihi mwaka 2009 ambao baadaye walijuta hadharani. Heri kujiuliza kabla ya kuishika kalamu. Mchungaji amtembelee mshtakiwa mahabusu, aombe pamoja naye, na asikie ungamo lake akitaka kuungama. Lakini kabla ya hapo aende nyumbani kwa yule mtoto, akaketi na wazazi wake, na kuwauliza wanahitaji nini. Karatasi airudishe bila sahihi, na wazee wakimwuliza sababu, awasomee habari ya Natani.