Gawa Bei ya Paa kwa Miaka Iliyobaki

Wenye nyumba wengi hutenga asilimia 10 ya kodi kwa matengenezo, wakaona wamemaliza kazi. Kanuni hiyo inapendwa kwa wepesi wake, lakini mabati hayaozi kwa kufuata kodi. Nyumba ya kodi ya Sh8,000 na ya Sh15,000 katika mtaa mmoja wa Pwani hupigwa na upepo uleule wa chumvi. Kanuni ya Wamarekani ya kutenga asilimia 1 ya bei ya nyumba kila mwaka nayo haikai vizuri Mombasa, ambako sehemu kubwa ya bei huenda ni ya kiwanja, na kiwanja hakipakwi rangi. Bajeti inayosimama huanzia kwenye vitu vinavyochakaa.

Tuchukue hesabu ya mfano: jengo la Kisauni lenye nyumba nane, kila moja Sh12,000 kwa mwezi. Kwa mwaka huingia Sh1,152,000. Kila kitu kikubwa tunakipa bei ya kukibadilisha na umri wake, kisha tunagawa:

Paa la mabati: Sh480,000 kwa miaka 16, yaani Sh30,000 kwa mwaka.
Rangi ndani na nje: Sh160,000 kwa miaka 4, Sh40,000.
Milango na madirisha: Sh240,000 kwa miaka 12, Sh20,000.
Mabomba, mifereji na vyoo: Sh160,000 kwa miaka 10, Sh16,000.
Nyaya na swichi: Sh150,000 kwa miaka 15, Sh10,000.
Matangi: Sh100,000 kwa miaka 10, Sh10,000.
Pampu ya kisima: Sh45,000 kwa miaka 5, Sh9,000.

Jumla ni Sh135,000. Ongeza Sh60,000 za fundi wa kila siku, kama kitasa kilichovunjika au sinki lililoziba, utafika Sh195,000, karibu asilimia 17 ya kodi. Aliyetenga asilimia 10 ana Sh115,200. Pengo la Sh79,800 kwa mwaka halionekani mapema, kwa kuwa miaka ya mwanzo hakuna kikubwa kinachoharibika. Baada ya miaka mitano limekuwa Sh399,000, na mwenye nyumba alishazila pesa hizo akidhani ni faida.

Umri wa vitu hivyo si wa kunakili kutoka karatasi ya muuzaji wa mabati. Pwani, kutu huanzia kwenye kichwa cha msumari. Kipira cha chini yake hukauka na kupasuka, maji ya chumvi yanaingia tunduni, na duara la rangi ya kahawia linatanuka mpaka dari linaota doa. Panda ngazi uangalie. Kama kutu imeishia kwenye misumari, fundi atabadilisha misumari na vipira, na paa litaendelea kwa miaka kadhaa. Ikiwa bati lenyewe linabonyea kwa kidole, hakuna ukarabati tena, ni kuezeka upya. Visima vya maji ya chumvi hufanya vivyo hivyo kwa pampu na mifereji ya chuma.

Hapo ndipo mnunuzi wa jengo kuukuu anapoumia. Tuseme paa letu limeshakaa miaka 12 na limebakiza minne. Kugawa kwa 16 ni hesabu ya aliyejenga. Wewe unagawa Sh480,000 kwa 4, na paa peke yake linadai Sh120,000 kwa mwaka. Mahitaji yote yanapanda hadi Sh285,000, karibu robo ya kodi. Ile miaka 12 aliyoitumia muuzaji ina thamani ya Sh360,000, na pesa hizo ni za kudaiwa mezani kabla ya kutia sahihi. Fanya hivyo kwa kila kitu kwenye orodha.

Usitegemee ushuru ukupunguzie mzigo. Tangu Januari 2024, ushuru wa Kenya kwa mapato ya nyumba za makazi, kwa anayepata kati ya Sh288,000 na Sh15 milioni kwa mwaka, ni asilimia 7.5 ya kodi yote iliyopokelewa, bila kutoa gharama. Kwa jengo letu ni Sh86,400, hata mwaka unaoezeka upya. Anayetarajia matengenezo mazito anaweza kuiandikia Mamlaka ya Ushuru ya Kenya (KRA) akiomba kutozwa kwa utaratibu wa kawaida wa mwaka, ambao hukubali gharama zitolewe. Afanye hesabu zote mbili kwanza.

Pesa zenyewe zikae kwenye akaunti yake. Dipoziti za wapangaji si akiba ya ukarabati, maana mpangaji akihama atazitaka. Amana za sacco zinazobeba mkopo nazo hazitoki mpaka ujitoe uanachama, na paa halisubiri barua ya kujitoa. Kila Januari uliza bei mpya za mabati, rangi na ufundi, ukague tena miaka iliyobaki, na ubadilishe kiasi cha kutenga.

Ukitoa ushuru na Sh285,000, zinabaki Sh780,600, na bado hujahesabu vyumba vitakavyokaa wazi wala ada za kaunti. Bei ya kununua ipimwe kwa hizo. Muuzaji anayekuonyesha Sh1,152,000 anakuuzia na paa ambalo ameshalitumia.