Kuokoa au Kunasua? Uhakiki wa Masimulizi Yetu ya Uokoaji

Insha hii inahakiki namna tunavyosimulia kwa Kiswahili kisa cha mtu aliyenasa ndani ya chombo kinachoungua au kuzama, naye mwenzake akamtoa. Visa hivyo tunavisikia redioni na kuvisoma magazetini, lakini darasani hatuvihesabu kuwa matini ya kuhakikiwa. Naona vinastahili, kwa sababu ndivyo vinavyomfundisha msikilizaji afanye nini siku gari litakapowaka mbele yake.

Muundo wake tunaujua. Gari linapinduka, moto unashika, watu wanajaa. Anatokea kijana mmoja, anajitosa, anamtoa mtu. Kisha zinafuata sifa. Kitenzi kinachotawala ni okoa, na nomino ni shujaa. Kitenzi hiki ni kizuri, lakini kinatuonyesha mwokoaji na mwokolewa tu. Kilichomshika mwokolewa hakionekani.

Kiswahili kina kitenzi kingine: nasua. Sisi tuliosoma mofolojia tunajua kwamba nasa huzaa nasua kama vile funga huzaa fungua na ziba huzaa zibua. Hiyo ni kauli ya kutendua. Kunasua ni kuutengua mtego, na anayesema amemnasua mtu huulizwa mara moja: kutoka kwenye nini? Mkanda? Mlango uliobonyea? Usukani uliombana kifua? Katika gari linalowaka, mara nyingi moto sio uliomshika mtu. Moto unapunguza muda tu. Kilichomshika ni chuma au mkanda, na hicho kinahitaji kisu, nyundo au mtaimbo.

Anayewaza kwa nasua hujifunza mambo madogo yenye uzito. Kioo cha pembeni huvunjika kwa urahisi kuliko cha mbele, ambacho kina utando wa plastiki katikati. Majeruhi kwa kawaida hasogezwi ovyo, asije akaumizwa uti wa mgongo, lakini moto ukikaribia, hatari ya kumwacha ndani ni kubwa zaidi. Masimulizi ya shujaa hayana nafasi ya mambo haya.

Mfano ulio wazi zaidi kwetu Afrika Mashariki haukutokea barabarani, ila tatizo lake ni lile lile la mtu aliyefungiwa ndani huku muda ukiisha. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyobeba watu 43 ilianguka katika Ziwa Victoria, karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba. Watu 19 walifariki, 24 wakanusurika. Wavuvi walikuwa miongoni mwa waliofika kwanza, na kati yao alikuwamo kijana Majaliwa Jackson, aliyesema kwamba alitumia kasia kuufungua mlango wa nyuma. Alipewa shilingi milioni 1, na Rais Samia Suluhu Hassan akaagiza aingizwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Magazeti yalimwita shujaa, na sina ugomvi na jina hilo.

Ugomvi wangu ni na sehemu ya kisa iliyosahaulika upesi. Majaliwa mwenyewe aliieleza BBC kwamba alipiga mbizi hadi kwa marubani walionasa mbele. Alipata shoka la kuvunjia kioo, lakini akazuiwa kulitumia. Baadaye kamba iliyofungwa kwenye mlango wa dharura ilikatika ikampiga usoni, akapoteza fahamu na kuzindukia hospitalini. Marubani wote wawili walikufa. Hii ndiyo sehemu ya kunasua: shoka lililozuiwa na kamba iliyokatika. Hapa msikilizaji angeuliza vifaa vilikuwa wapi na nani alikuwa na amri ya kuvitumia. Lakini sifa zilipoanza kumwagwa, tulibaki na kasia.

Tatizo la pili lilijitokeza baadaye, pale watu walipobishana nani hasa aliufungua mlango: mvuvi au waliokuwa ndani ya ndege? Mabishano hayo ni tunda la simulizi lenye nafasi ya mtu mmoja. Kisa kikishakuwa na shujaa mmoja, kuutaja mkono wa pili ni kama kumwita wa kwanza mwongo. Mlango ulio chini ya maji unaweza kusukumwa na wa ndani na kuvutwa na wa nje, na wote wakawa wamesema kweli.

Huenda msomaji akasema kwamba sifa huwatia watu moyo wa kusaidia. Ni kweli, lakini moyo bila maarifa unaweza kuua. Tarehe 10 Agosti 2019, Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakalisogelea kuchota petroli, moto ukalipuka na kuua zaidi ya 100. Hawakwenda kuokoa mtu, lakini msaidizi asiyejua petroli imesambaa hadi wapi husimama palepale waliposimama wao.

Hapa Rwanda sheria ya makosa na adhabu ya mwaka 2018 inamwadhibu anayeacha kumsaidia mtu aliye hatarini ilhali angeweza kufanya hivyo bila kujihatarisha. Sheria haidai ushujaa. Inadai msaada wa mtu wa kawaida: kupiga simu 112, kuzuia magari mengine, kuleta mtungi wa kuzimia moto. Simulizi letu halina jina la mtu huyu. Linamwita shuhuda, kana kwamba kazi yake ni kutazama.

Kinyarwanda kinaweza kutusaidia. Gutabara ni kuitikia mwito wa aliye taabuni, na tunasema pia gutabarana, yaani kutendeana hivyo. Kitenzi hicho kinakubali watu wengi bila kumtafuta wa kwanza. Sisi tunaojifunza Kiswahili jijini Kigali tutakuwa walimu, watangazaji na wafasiri. Tutakapoandika habari ya ajali, tumsifu anayestahili, kisha tuulize maswali ambayo nasua inayadai: alishikwa na nini, kilifunguliwa kwa kifaa gani, na kifaa hicho kilikosekana kwa nani? Majibu yake yatamfaa atakayefika kwanza kwenye ajali inayofuata.