Saratani ya Matiti: Kabla ya Kutafuta Protini, Tunza Damu

Mwaka 2017, kikundi cha W. Andy Tao wa Chuo Kikuu cha Purdue, jimbo la Indiana nchini Marekani, kilichapisha matokeo haya: ndani ya plazma (sehemu ya majimaji ya damu) ya wanawake wenye saratani ya matiti kulikuwa na protini 144 zenye fosfeti zilizozidi kiasi kinachopatikana kwa wanawake wasio na ugonjwa huo. Kuzipata hakukuhitaji sindano ya titi. Protini zote zilitoka kwenye damu.

Kwa mkoa wa Dodoma, ambako mwanamke wa Kondoa au Mpwapwa husafiri mbali kumfikia daktari wa kuchukua kinyama cha uvimbe, habari kama hiyo si ya kupuuza. Nchini Tanzania, takriban wagonjwa wanane kati ya kumi wa saratani ya matiti hugundulika ugonjwa ukiwa umeshafika hatua ya tatu au ya nne. Lakini kabla ya kuuliza kipimo cha damu cha aina hiyo kitafika lini, inafaa kuangalia kazi ile ilifanyikaje.

Msingi wake ni eksosomu, vifuko vya mafuta vyenye upana wa nanomita 30 hadi 150 hivi. Seli huvitengeneza ndani ya mfuko mkubwa zaidi, kisha mfuko huo huungana na utando wa nje na kuvimwaga vilivyomo. Viligunduliwa mwaka 1983 na vikundi viwili kwa wakati mmoja, kimoja kikichunguza seli changa nyekundu za damu ya panya, kingine za kondoo. Kwa miaka mingi wataalamu waliamini kwamba ni njia tu ya seli kutupa taka. Baadaye ikaonekana kwamba vifuko hivyo hubeba protini na vinasaba kutoka seli moja hadi nyingine, na kwamba seli ya saratani nayo humwaga vya kwake kwenye damu, vikiwa na protini za kule vilikotoka.

Kwa nini watafiti wa Purdue walifuata fosfeti badala ya kuhesabu protini zote? Kwa sababu saratani nyingi huendeshwa na vimeng'enya vinavyopachika fosfeti kwenye protini nyingine ili kuziamsha. HER2, ambayo hospitali hupima kwenye kinyama cha titi ili kujua kama mgonjwa atafaidika na dawa ya trastuzumab, ni mojawapo ya vimeng'enya hivyo. Ukiiona protini, umejua kwamba ipo. Ukiiona na fosfeti yake, umepata dalili kwamba imeamshwa. Tatizo ni kwamba damu ina vimeng'enya vingine vinavyobandua fosfeti haraka, hivyo alama hiyo hupotea kabla ya kupimwa. Eksosomu ina utando unaoikinga protini iliyomo. Werevu wa kazi ile uko hapo: walichagua chombo ambacho tayari kimeitunza alama.

Utekelezaji ulikuwa wa taratibu. Plazma ilizungushwa kwanza kwa nguvu ya mara 20,000 ya mvutano wa dunia ili vifuko vikubwa vishuke chini ya mrija. Kilichobaki juu kikazungushwa tena kwa mara 100,000, na hapo ndipo eksosomu ziliposhuka. Protini zikatolewa, zikakatwakatwa kwa kimeng'enya cha tripsini, vipande vyenye fosfeti vikanaswa peke yake, kisha vikaingizwa kwenye spektrometa ya masi, mashine inayotambua kila kipande kwa uzito wake. Walitambua vipande vinavyokaribia 10,000. Baada ya hapo baadhi ya protini zilipimwa upya kwa mgonjwa mmoja mmoja.

Hata hivyo, mzunguko wa kasi haumalizi kazi ya kutenganisha. Plazma imejaa chembe za mafuta ya kolesteroli ambazo ni nyingi kuliko eksosomu kwa mbali, na baadhi yake zina ukubwa au msongamano unaokaribiana na wa eksosomu. Albumini, ambayo ni zaidi ya nusu ya protini zote za plazma, hushikamana na kila kitu. Ni mchele uliochanganyika na chuya zinazofanana nao. Ndiyo maana chama cha kimataifa cha watafiti wa vifuko hivi kimetoa miongozo, ya karibuni ikiwa ya 2023, inayomtaka mtafiti aonyeshe kwamba alichokamata ni vifuko kweli: alama za utando kama CD9, CD63 na CD81 ziwepo, na uchafu unaojulikana upimwe.

Tukirudi nyuma hadi mrija wa kuchukulia damu, ule wenye kifuniko cha zambarau, tunakuta mahali ambapo tafiti nyingi huharibika. Chembe sahani za damu zikisumbuliwa humwaga vifuko vyake zenyewe. Damu ikiachwa igande, humwaga vingi zaidi, ndiyo maana plazma hupendelewa kuliko seramu, majimaji yanayobaki damu ikishaganda. Mrija ukitikiswa saa kadhaa njiani, au seli nyekundu zikipasuka kwa sababu sindano ilikuwa nyembamba mno, au plazma ikigandishwa ikiwa bado na chembe sahani, maabara itapima safari ya mrija na kudhani inapima ugonjwa. Dawa yake ni utaratibu usio na mbwembwe: plazma izungushwe mara mbili, kwa mfano kwa nguvu ya mara 2,500 kwa dakika 15 kila mara, igawanywe kwenye vichupa vidogo, igandishwe kwa nyuzi 80 chini ya sifuri, na muda wa kila hatua uandikwe.

Historia inaonya pia. Mwaka 2015, kikundi cha Raghu Kalluri wa kituo cha saratani cha MD Anderson, Houston, kilidai katika jarida la Nature kwamba protini ya glaipikani-1 kwenye eksosomu ilitenganisha wagonjwa wa saratani ya kongosho na watu wenye afya karibu bila kosa, na kwamba ilipanda pia kwa wagonjwa wengi wa saratani ya matiti. Maabara nyingine zilipojaribu kwa mbinu zao, tofauti kati ya saratani na magonjwa mengine ya kongosho haikujitokeza hivyo. Orodha ya protini hubaki dhana mpaka maabara ya pili, yenye wagonjwa wengine, iithibitishe.

Halafu kuna hesabu ambayo wauzaji wa vipimo huiruka. Tuchukue mfano wa kipimo kinachogundua wagonjwa 90 kati ya 100 na kuwaachia kwa usahihi wazima 90 kati ya 100. Ukipima wanawake 10,000 ambao 50 kati yao wana saratani, utawapata 45. Wazima watakaoambiwa wana dalili ni 995. Yaani katika kila majibu 100 ya hofu, manne tu ndiyo ya kweli, na wote hao wanahitaji ultrasaundi, wengine sindano, na mtaalamu wa patholojia wa kusoma kinyama. Mkoa wenye foleni kwenye hatua hizo utakuwa umeongeza foleni.

Kwa hiyo kipimo cha eksosomu hakitachukua nafasi ya kinyama cha titi hivi karibuni. Nafasi yake ya kwanza yenye mantiki ni kwa mgonjwa ambaye tayari ameshagundulika: kufuatilia kama dawa inafanya kazi, kwa sababu hapo damu yake ya leo inalinganishwa na yake ya mwezi uliopita.

Dodoma inaweza kuanza bila kusubiri mashine ya gharama. Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyofunguliwa mwaka 2015 jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, imeshafanya upandikizaji wa figo, kazi isiyovumilia uzembe wa sampuli wala wa muda. Nidhamu hiyo hiyo ikielekezwa kwa kila mgonjwa wa titi anayeridhia, damu ikichukuliwa kabla ya upasuaji na dawa, ikahifadhiwa pamoja na majibu ya patholojia, baada ya miaka michache kutakuwa na hazina ya plazma ya wanawake wa nyanda za kati. Protini 144 za Purdue zitapimwa juu yake, na nyingine ambazo huko hazikuonekana huenda zikajitokeza hapa, kwa kuwa wagonjwa wa Afrika hugundulika wakiwa na umri mdogo zaidi na saratani isiyo na vipokezi vitatu vinavyolengwa na dawa hupatikana kwao kwa wingi zaidi. Bila hazina hiyo, kipimo kitakapoletwa tutakipokea kwa imani, maana hatutakuwa na damu ya kukihakikia.