Mashine Imegoma Kuwaka: Data Kwanza, Windows Baadaye

Ijumaa, Julai 19, 2024, saa moja na dakika tisa asubuhi kwa saa za Kenya, kampuni ya Marekani ya ulinzi wa kompyuta, CrowdStrike, iliwatumia wateja wake duniani faili moja ndogo. Baada ya dakika 78 iliiondoa, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Microsoft ilikadiria kwamba kompyuta milioni 8.5 za Windows zilikuwa zimeanguka. Mashine ilikuwa ikiwashwa inaonyesha skrini ya bluu, inajizima, inajiwasha, kisha inaanguka tena. Shirika la ndege la Delta peke yake lilifuta safari zipatazo 7,000 katika siku tano.

Tiba iliyotangazwa ndiyo inayomhusu fundi wa kompyuta wa mji wa Kitengela, Kenya. Haikuwa kuformati. Mafundi waliambiwa waingie Windows kwa mlango wa dharura, ule unaopakia vitu vya lazima tu, wafungue folda ya CrowdStrike iliyo ndani ya System32, wafute faili inayoanza na C-00000291, kisha wawashe upya. Basi. Chanzo chenyewe kilikuwa hesabu isiyolingana: faili ile ilidai thamani 21, programu ikaleta 20, na ilipoitafuta ya 21 ikasoma mahali pasipo pake kwenye kumbukumbu. Kwa kuwa programu hiyo hufanya kazi ndani kabisa ya kiini cha Windows, ilipojikwaa iliangusha mfumo mzima. Nyaraka, picha na vitabu vya hesabu havikuguswa. Kompyuta ilikuwa haiwaki, na data yake ilikuwa nzima.

Hali hiyo, ya mashine kufa huku data ikiwa hai, ndiyo inayosahaulika mteja anapofika dukani kando ya Barabara ya Namanga akiwa na laptopu kwenye begi. Jibu la haraka hulijua kila mtu: "Hii tuipige Windows upya." Si uvivu mtupu. Kuformati ni kazi ya muda mfupi, bei yake inajulikana, na mteja huona matokeo kwa macho. Kutafuta chanzo kunaweza kula nusu siku, na wateja wengi hawako tayari kulipia kazi ya kutazama tu. Biashara yenyewe basi inamsukuma fundi kwenye njia inayofuta.

Na kazi haikosekani. Sensa ya 2019 iliikuta Kitengela na watu 154,436, na sehemu kubwa ya maisha yao ya ofisi, shule na kodi imo ndani ya mashine zilizotumika ng'ambo, zile zinazoitwa eksi-UK. Mashine hizo zina umri, zinaishi kwenye vumbi, na zinategemea stima isiyotabirika. Usiku wa Agosti 25, 2023, karibu nchi nzima iliingia gizani. Desemba 10 mwaka huohuo giza likarudi. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS hukatwa katikati ya sentensi, na umeme unaporudi kwa kishindo huweza kuunguza pawa saplai. Mfumo wa faili wa Windows, NTFS, huweka daftari la mabadiliko ili ramani ya faili isivurugike stima ikipotea. Lakini daftari hilo hulinda ramani, halilindi maandishi yaliyokuwa bado hayajahifadhiwa. Ndiyo maana mashine inaweza kuamka salama na jedwali la mauzo likafunguka tupu.

Fundi mzuri huanza kwa kuuliza mashine inafia wapi. Isipotoa hata taa, shaka iende kwenye chaja, tundu la chaja, betri au ubao mkuu. Chaja hutolewa, betri huchomolewa ikiwezekana, na kitufe cha kuwashia hubanwa kwa nusu dakika ili chaji iliyobaki iishe. Ikiwa na taa lakini skrini nyeusi, RAM huchomolewa, meno yake husuguliwa kwa kifutio cha penseli, hurudishwa. Katika hatua hizi zote hakuna sababu yoyote ya kuigusa data. Hata ubao ukiwa umeungua, diski ya laptopu nyingi za Dell, HP na Lenovo za miaka ya nyuma huchomoka kwa skrubu chache, huwekwa kwenye adapta ya USB, na kusomwa na kompyuta nyingine kama flashi. Tahadhari ni kwa MacBook za miaka ya karibuni na laptopu ndogo za bei nafuu ambazo hifadhi yake imechomelewa kwenye ubao. Hapo hakuna cha kuchomoa, na njia ya kuifikia data ni kuufufua ubao wenyewe.

Hatua inayoponza wengi ni ile ya katikati, mashine inapoonyesha nembo ya kampuni kisha ikadai haioni diski ya kuwashia, au ikatoa skrini ya bluu yenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Mteja huambiwa diski imekufa. Huenda imekufa kweli, lakini kuna mshukiwa mwingine wa bei ndogo sana: betri ya duara ya CR2032 kwenye ubao. Katika kompyuta nyingi za mezani za zamani ikiisha nguvu, saa hurudi nyuma miaka na mipangilio ya BIOS hurudi ya kiwandani. Dell nyingi za ofisini hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kuisoma diski kwa mtindo wa RAID. Kama Windows iliwekwa wakati mpangilio ni ule mwingine, AHCI, haitaikuta diski yake. Fundi akibadilisha betri na kurudisha mpangilio huo, mashine huamka na kila kitu chake. Asiyejua hili huformati diski nzima, tena kwa nia njema.

Mashine inayofika kwenye Windows kisha ikazunguka bila kufunguka mara nyingi huwa na tatizo la programu, kama zile za Julai 2024. Sehemu ya ukarabati ya Windows yenyewe ina vifaa vya kutosha: kuondoa sasisho la mwisho, kurudi kwenye hali ya siku zilizopita, au kuandika upya faili za kuwashia kwa amri ya bcdboot. Lakini kabla ya yote hayo kuna kazi moja isiyorukwa. Fundi huwasha mashine kwa flashi yenye Linux, Ubuntu au Mint, bila kusakinisha chochote, hufungua diski kwa kusoma tu, na kunakili folda za mteja kwenye diski ya nje. Akimaliza, ajaribu ukarabati wowote anaoutaka. Mpangilio huu wa kazi ndio unaomtofautisha fundi na mkisiaji.

Diski ikiwa inaugua, mambo hubadilika kabisa. Dalili ni faili kufunguka kwa kuvuta, au mlio wa tik-tik katika diski za kuzunguka. Takwimu ambazo diski hujiwekea zitathibitisha, hasa idadi ya sehemu zinazosubiri kusomwa upya. Kosa la kawaida hapa ni kuendesha chkdsk, kwa kuwa jina lake linaonekana la upole. Amri hiyo ikipewa ruhusa ya kurekebisha huandika kwenye diski, na diski mahututi haihitaji kuandikwa. Chombo sahihi ni ddrescue ya mradi wa GNU, iliyoandikwa na Antonio Diaz Diaz. Hunakili kwanza sehemu nzima zote, huruka zenye kasoro, huweka ramani ya ilipofika, kisha hurudia mabaki polepole. Stima ikikatika Kitengela saa nane mchana, kazi huendelea kutoka ilipoachwa. Nakala ikipatikana, TestDisk au PhotoRec za Christophe Grenier hufanya kazi juu ya nakala hiyo, na diski mgonjwa hupumzishwa.

Diski inayogonga kwa nguvu ni ya kuzimwa papo hapo. Vichwa vyake huelea juu ya sahani kwa nanomita chache tu, na chembe ya vumbi ni kubwa kuliko nafasi hiyo mara maelfu. Kuifungua dukani, katika mji unaopakana na viwanda vya saruji vya Athi River, ni kuiua mara ya pili. Hata aliye Kajiado mjini, kadiri ya kilomita 50 kusini, afadhali apande matatu kwenda Nairobi kutafuta maabara yenye chumba safi.

SSD, diski zisizozunguka, nazo zina hila zake. Mashine ikishaformatiwa, Windows huiambia SSD kwamba nafasi zile hazina kazi tena, nayo huzisafisha kimyakimya. Diski ya kuzunguka iliyoformatiwa kwa haraka bado inaweza kutoa picha za harusi, ila SSD kwa kawaida haitoi kitu.

Limebaki la ufunguo. Mwaka 2024, mafundi wengi waliokuwa wakifuta ile faili ya CrowdStrike walizuiwa na BitLocker, kinga inayoifunga diski yote kwa msimbo wa siri na kudai ufunguo wa tarakimu 48. Hasa tangu Windows 11 toleo la 24H2, kompyuta mpya inayofunguliwa kwa akaunti ya Microsoft huweza kujifunga hivyo bila mwenyewe kujua. Kubadilisha ubao, na wakati mwingine mpangilio wa BIOS tu, hutosha kuufanya mlango udai ufunguo. Kwa kawaida ufunguo hukaa kwenye akaunti ya mtandaoni. Tatizo ni pale akaunti ilipofunguliwa na muuzaji au kijana wa saiba kwa barua pepe ambayo mteja haikumbuki. Bila ufunguo, si fundi wa Kitengela wala Microsoft wenyewe watakaoifungua diski hiyo.

Kwa hiyo mwenye laptopu inayowaka leo aingie kwenye akaunti yake ya Microsoft, autafute ufunguo, auandike kwenye karatasi na kuiweka pamoja na stakabadhi zake. Mwenye iliyokwisha kugoma, kabla ya kuiacha dukani, adai risiti iandikwe maneno matatu: "Data itolewe kwanza." Akubali pia kulipia uchunguzi peke yake, hata kama mashine haitapona, kwa sababu fundi asiyelipwa kwa kutazama atalipwa kwa kuformati. Na fundi, akishakabidhi data, afute nakala iliyobaki kwenye diski yake: tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, taarifa za mteja si mali ya duka.