Alama Moja, Kazi Mbili: Usomaji wa Desimali Hasi

Kakesio ni kata ya Wilaya ya Ngorongoro, upande wa kusini-magharibi wa Laetoli. Laetoli ndipo kundi la Mary Leakey lilipogundua, mwaka 1978, nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili, ambazo umri wake huandikwa kuwa miaka milioni 3.66. Matabaka ya Kakesio yenyewe ni ya zamani zaidi: wanajiolojia huyaweka kati ya miaka milioni 4.4 na milioni 3.85 hivi. Mwalimu wa huko, basi, hana haja ya kutafuta mbali mifano ya desimali. Iko chini ya miguu ya wanafunzi wake. Anaweza kuuliza: tabaka la miaka milioni 4.4 limezitangulia nyayo za Laetoli kwa muda gani? Ni hesabu ya kutoa, na jibu lake ni miaka milioni 0.74.

Lakini mwanafunzi na apewe hesabu hiyo kwa mdomo, isomwe kama wengi wetu tusomavyo: "nne nukta nne, toa tatu nukta sitini na sita." Atafanyaje? Katika nne hazitoki sitini na sita. Atakopa moja, aifanye mia, apate mia na nne. Akitoa sitini na sita zitabaki thelathini na nane. Jibu lake ni 0.38. Kila hatua aliyoipita ni sahihi kwa jinsi alivyosikia. Miaka 360,000 imepotea, nayo haikupotea katika hesabu bali katika matamshi.

Tangu Baraza lilipoundwa mwaka 1967, kazi kubwa imefanyika katika istilahi za hisabati, na hakuna mwalimu wa shule ya msingi leo anayebabaika kwa kukosa neno. Tunayo desimali, chanya, hasi, tarakimu, mstari wa namba. Lawama yangu si juu ya maneno hayo. Ni juu ya desturi ya kudhani kwamba jina likishapatikana kazi imekwisha. Istilahi ya sheria huandikwa kwa herufi, na aionaye huisoma kama ilivyo. Istilahi ya hisabati hujificha nyuma ya alama, na msomaji ndiye anayepaswa kuitoa kinywani. Orodha inayotaja neno "hasi" bila kusema ni lini kile kistari kisomwe hivyo, na ni lini kisisomwe hivyo, imefanya nusu ya kazi.

Tuanze na nukta, kwa kuwa tiba yake ni nyepesi. Kosa hili, kwa maoni yangu, limetoka sokoni na katika ofisi za uhasibu. Shilingi 3.25 ni shilingi tatu na senti ishirini na tano, na kusoma hivyo ni sawa kabisa, maana senti mia ndizo zifanyazo shilingi na tarakimu zake huandikwa mbili daima. Tabia hiyo ikahamia kwenye namba zisizo fedha. Matokeo yake ni kwamba 3.66 huonekana kubwa kuliko 3.7, kwa sababu sikio limesikia "sitini na sita" upande mmoja na "saba" upande wa pili. Kanuni iwe moja: baada ya nukta, kila tarakimu isomwe peke yake. Tatu nukta sita sita. Tatu nukta saba. Mtumishi wa serikali anayesoma taarifa mbele ya kikao naye afuate hivyo. Mtafsiri aliyepokea maandishi kutoka Burundi au mashariki ya Kongo ana mzigo wa ziada, kwani huko mkato ndio unaoandikwa penye nukta yetu. Akiuacha mkato huo ulivyo, 3,850 ya kwao itakuwa elfu tatu na mia nane na hamsini kwetu.

Kistari ndicho kigumu. Tuichukue hesabu hii: −2.5 − (−1.75). Nimesikia ikisomwa "toa mbili nukta tano toa toa moja nukta saba tano." Alama tatu, neno moja. Kwa sikio la Kiswahili jambo hili lina hatari ambayo haimo katika lugha nyingine nyingi. Kitenzi kikirudiwa, maana yake ni kwamba tendo linafanywa tena na tena: katakata, pigapiga, ongeaongea. Anayesikia "toa toa" ameamriwa na sarufi ya lugha yake azidi kutoa, wakati hisabati inamwamuru aongeze. Hapo mwalimu huja na kanuni ya kukariri, kwamba kutoa mara mbili ni kujumlisha, na mtoto huikariri bila kujua kwa nini lugha imemdanganya. Hesabu hiyo isomwe: "hasi mbili nukta tano, kutoa hasi moja nukta saba tano." Jibu ni hasi sifuri nukta saba tano. "Kutoa" ni tendo; "hasi" ni sifa ya namba, yaani mahali inapokaa kwenye mstari, kushoto kwa sifuri. Tendo na sifa visipewe neno moja.

Kuna na suala la mpangilio. Husema "toa 3 katika 5" lakini huandika 5 − 3, kinyumenyume. Katika namba chanya za madarasa ya chini hakuna hasara, kwani mtoto hujiokoa kwa kutoa ndogo katika kubwa. Hasi zikiingia, wokovu huo huwa mtego. Uso wa Ziwa Tanganyika uko kama kilomita 0.773 juu ya usawa wa bahari, na kina chake kikubwa ni kama kilomita 1.470. Basi 0.773 kutoa 1.470 ni hasi 0.697: sakafu ya ziwa iko chini ya bahari. Aliyezoea kugeuza atapata 0.697 tupu, na kuipandisha sakafu hiyo juu ya Dar es Salaam.

Wapo wanaolitania neno "hasi" lenyewe, hasa katika nchi ya wafugaji kama Kakesio, ambako kuhasi ni kumfanya fahali kuwa maksai. Mzaha huo haunisumbui. Moja ni kitenzi, jingine ni sifa, wala hayakutani katika sentensi moja; lugha inayobeba kaa la moto, kaa wa baharini na kaa kitako itabeba na hili. "Nakisi" tuwaachie watu wa bajeti. "Kasoro" lina uzuri wake, kwa sababu asemaye saa nne kasorobo amejumlisha nne na hasi 0.25 akapata 3.75 bila kushika kalamu, na mwalimu angefanya vyema kuanzia hapo; ila neno hilo limekwisha kubeba maana ya dosari.

Ombi langu kwa Kamati ni dogo: katika orodha za hisabati zitakazotolewa, kando ya kila alama iwekwe safu ya usomaji wake, pamoja na mfano mmoja wenye desimali. Mtoto wa Kakesio, ambaye mara nyingi huanza shule akiwa na Kimaasai kinywani, Kiswahili cha hesabu hukipata kwa sauti ya mwalimu kabla ya kukiona kitabuni.

Linabaki jambo moja ambalo sina jawabu lake kamili. Tukiiandika miaka iliyopita kwa namba hasi, tabaka la Kakesio ni −4.4 na nyayo ni −3.66, na hisabati yasema −3.66 ndiyo kubwa. Lakini kwa Kiswahili aliyetangulia kuzaliwa ndiye mkubwa. Kwa sasa mwalimu na aseme "kulia" na "kushoto" kwenye mstari wa namba, aliahirishe neno "kubwa" mpaka darasa liwe limezoea.