Washa, Nyamaza, Msikie Popo

Jamani, kinafanya kazi! Kifaa nilichokilehemu mwenyewe mjini Migori, nikakitia ndani ya kopo la majani chai, kinanasa milio ambayo sikio la binadamu halikuumbiwa. Miaka yote nimewaona popo wakizunguka taa za mtaa, nikawadhania mabubu. Kumbe wanapiga makelele usiku kucha!

Tukifungue tuone kilichomo. Sikio lake ni lile jicho lenye herufi R kwenye HC-SR04, kihisi cha umbali ambacho wanafunzi hukifunga kwenye vigari vyao vya roboti. Kimeundwa kushika kilohertsi 40, ilhali sisi hatuvuki 20, tena tukiwa bado wadogo. Mlio unakuzwa na chipu mbili za LM386, kisha CD4024 inaugawa kwa 16, kwa hiyo 40 inatoka ikiwa 2.5, na hapo hata babu anasikia. Ongeza betri ya volti 9 na spika ndogo, umemaliza. Vipuri vimejaa Luthuli Avenue, Nairobi, na jumla yake haifiki bei ya kilo ya nyama choma.

Kabla ya kutoka nje, tikisa funguo mbele yake au sugua vidole viwili. Kikichakarika, kiko hai. Changu kilichakarika, nikaruka kama aliyeshinda bahati nasibu!

Ufukweni Homa Bay ndipo kiliponimaliza kabisa. Wadudu wa ziwani walikuwa wameisonga taa, popo wakawajia. Tok… tok… tok… halafu ghafla, trrrrr! Hapo popo amegundua windo. Akiwa anazurura hutoa milio michache kwa sekunde. Akimkaribia mdudu huiharakisha, na mwishoni huvuka 100 kwa sekunde. Unasikiliza mtu akila chakula cha jioni, moja kwa moja, bila tikiti! Mvuvi mmoja mzee akasogea, akauliza, “Japuonj (mwalimu), hiyo redio yako inashika stesheni gani?” Nikamjibu, “Ya popo, jaduong’ (mzee),” nikampa kopo. Kulirudisha ikawa kazi.

Kasoro zipo, na shangwe haizifuti. Sikio hili ni jembamba mno. Popo wadogo wenye mkia huru, wale wanaolala chini ya mabati, hulia zaidi karibu na kilohertsi 25, kwa hiyo hakiwashiki mpaka wapite karibu kabisa. Hipposideros caffer, anayelia karibu na 140, kwake ni kama hayupo. Tena chipu ya CD4024 inahesabu mawimbi tu, haipimi ukubwa wa mlio, kwa hiyo aliye karibu na aliye mbali wote wanatoka kwa sauti moja. Baadhi ya taa za LED nazo zinakijaza mikwaruzo. Ila ukikielekeza kwenye mwembe uliojaa popo wa matunda wa jamii ya Epomophorus kikanyamaza, usikilaumu: hao hutafuta njia na chakula kwa macho na pua.

Anayetaka kumjua popo kwa jina atahitaji kitu kama AudioMoth, kinachochukua hadi sampuli 384,000 kwa sekunde, yaani kinafika kilohertsi 192, na kurekodi kwenye kadi. Rekodi za kulinganisha nazo zipo: mwaka 2019 Paul Webala wa Chuo Kikuu cha Maasai Mara na wenzake walichapisha milio ya popo wa Kenya wa jamii ya huyo Hipposideros.

Kinachonifurahisha kuliko vyote ni kwamba popo unamjua bila kumgusa. Katika visa vya 1980 na 1987 vya Marburg, virusi hatari wanavyobeba popo wa mapangoni, wagonjwa wa kwanza walikuwa wamezuru pango la Kitum, Mlima Elgon. Basi hata ukiwa Macalder, huku Migori, kwenye mashimo ya zamani ya dhahabu, usijitie ndani. Simama nje jua likizama, waache watoke wenyewe.

Hukumu yangu? Kama hujawahi kushika chuma cha kulehemu, anza na hiki. Jioni moja inatosha. Kama kifaa hiki tayari unacho, ruka moja kwa moja kwenye maikrofoni ndogo ya MEMS, maana sikio ndilo linalokibana, saketi haina neno. Mimi yangu nimeshaiagiza, na ikifika tu, safari ni bonde la Lambwe, pembezoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Ruma!